Tangazo Lililokuwa Likimeza Maneno

Tangazo la duka la vifaa vya ujenzi ndilo lililokuwa likikwaruza. Taarifa ya habari ilipita salama, taarabu za mchana zilipita salama, hata mahubiri na mawaidha yaliyohamishwa kutoka kwenye kaseti yalisikika bila tatizo. Likifika tangazo hilo tu, spika za studio zilitoa krrr, sauti ikaruka, neno likamezwa, kisha mambo yakaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Siku moja neno lililomezwa lilikuwa jina la duka lenyewe. Mwenye duka akapiga simu: yeye alilipia tangazo zima.

Fundi mitambo ambaye kumbukumbu zake ndizo zilizozaa makala haya alikuwa wakati huo akihudumia redio ndogo ya jamii mkoani Tanga. Linux alikuwa ameizoea tangu enzi za Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Redio nayo ilihamia Linux kwa sababu isiyo na falsafa yoyote ndani yake. Flashi za watangazaji na wateja zilikuwa zikileta virusi kila kukicha, na kompyuta ya matangazo ilikuwa ikigoma katikati ya kipindi. Ilikuwa kompyuta ya mtumba, iliyopitia Dubai kama nyingi za wakati ule, yenye diski ya kuzunguka na sauti iliyojengwa ndani ya bodi kuu. Sauti ya aina hiyo Linux mara nyingi huiendesha kwa draiva iitwayo snd-hda-intel.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa umeme. Katika redio zetu kila kelele hupelekwa kwanza huko: ethi haipo, UPS imechoka, transfoma ya mtaa inalia. Mshukiwa wa pili alikuwa kadi ya sauti. Muuzaji mmoja wa vifaa aliitwa, akasikiliza kidogo, akatamka kwamba imekufa na bei ya mpya akaitaja palepale, kabla hata hajaketi.

Mkurugenzi wa redio, mwalimu mstaafu, alikuwa tayari kulipa ili yaishe.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba tusinunue kitu kwanza."

"Marahaba. Na wateja wakikimbia?"

"Kelele ya umeme haichagui tangazo, mwalimu. Hii inachagua."

Hoja ilikuwa nzito kuliko ilivyosikika. Mngurumo wa umeme wetu wa hezi 50 hukaa chini ya kila kitu, muziki uwepo usiwepo. Kadi mbovu nayo huharibu chochote kinachopita. Kitu kinachokwaruza tangazo moja na kuyaacha mengine lazima kiwe na uhusiano na tangazo lenyewe, au na namna kompyuta inavyolibeba. Mtangazaji wa mchana alikuwa na nadharia yake: "Kaka, hili tangazo lina jini." Fundi akafungua sifa za faili, akamwonyesha. Nyimbo zilikuwa MP3 za kawaida. Tangazo lilikuwa WAV ya biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde, jinsi lilivyotoka katika studio ya mjini iliyolirekodi. Hakuna aliyelipunguza, kwa kuwa hakuna aliyeona haja.

Kadi ya sauti haina subira. Ikianza kucheza inakula fremu kwa mwendo uleule hadi mwisho: 44,100 kila sekunde kwa sauti ya CD, 48,000 kwa vifaa vingi vya studio na video. Fremu moja ya stereo yenye biti 16 ni baiti nne. Programu inayoleta sauti haiwezi kwenda kwa mwendo huo wa saa, kwa sababu inasubiri diski, inasubiri zamu yake kwenye prosesa, inasubiri programu nyingine zimalize mambo yao. Kati ya hao wawili ndipo inapowekwa bafa. Kazi yake ni ile ya simtanki juu ya paa: bomba la mtaa linatoka na kukatika, na anayeoga ndani hajui, mradi tanki halijakauka. Likikauka, kwenye spika ni krrr. Watu wa Linux hukiita kitendo hicho xrun, jina linalobeba pia kinyume chake, yaani wakati wa kurekodi bafa inapofurika kabla programu haijachota.

Linux ina tabia moja ambayo fundi anaisifu hadi leo. Inasema ukweli ukiiuliza. Mfumo wake wa sauti, ALSA, ulianzishwa na Jaroslav Kysela wa Ucheki mwaka 1998, na keneli 2.6 ilipotoka Desemba 2003 ulichukua nafasi ya OSS iliyotokana na kazi ya Hannu Savolainen wa Finland. ALSA huweka taarifa zake kwenye saraka ya /proc/asound kama mafaili ya maandishi yanayosomeka kwa amri ya cat. Hakuna haja ya kifaa cha kupimia wala programu ya kulipia.

Basi fundi alisubiri wimbo ukiwa hewani, akafungua faili la /proc/asound/card0/pcm0p/sub0/hw_params. Kati ya mistari iliyotokea, mitatu ndiyo aliyoinukuu kwenye daftari:

format: S16_LE
rate: 48000 (48000/1)
buffer_size: 16384

Likaingia tangazo. Akasoma faili lilelile mara ya pili, na sasa lilisema hivi:

format: S32_LE
rate: 96000 (96000/1)
buffer_size: 8192

Programu ya kurusha vipindi ilikuwa imewekwa ifungue kadi moja kwa moja bila kupitia PulseAudio, programu inayopokea sauti za programu nyingine na kuzifikisha kwenye kadi, na kwa hiyo kadi ilicheza kila faili kwa kipimo chake. Sauti ya biti 24 husafirishwa na draiva hii ndani ya chombo cha biti 32, ndiyo maana ya S32. Fundi akachukua kalamu. Fremu 16,384 mara baiti nne ni baiti 65,536. Fremu 8,192 mara baiti nane ni baiti 65,536. Ukubwa haukuwa umebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni muda: kwa wimbo, baiti hizo zilitosha milisekunde 341, zaidi ya theluthi moja ya sekunde, kwa tangazo zilikwisha ndani ya milisekunde 85.

Diski ya zamani inayozunguka, ikiwa peke yake, milisekunde 85 inaziweza. Lakini tangazo lilipangwa muda uleule wa mchana ambapo vijana wa habari walikuwa wakirudi kutoka mtaani na kunakili rekodi zao kutoka kwenye flashi. Diski ikibanwa na kazi nyingi za kuandika, ombi la kusoma hukaa foleni, na foleni hiyo hufika mamia ya milisekunde bila taabu. Wimbo ulivumilia. Tangazo halikuweza.

Mtu makini atauliza mbona tangazo lisipunguzwe tu hadi biti 16 na sampuli 48,000, biashara ikaisha. Lilipunguzwa, siku hiyohiyo, na mwenye duka akatulia. Fundi hakutulia. Mpangilio wa programu ulionyesha kwamba bafa inayoombwa ni ya sekunde nzima, na kwa wimbo ilikuwa imepewa theluthi. Nani aliyepunguza, na kwa nini programu haikulalamika?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo wengi wanaporuka. Kwenye ALSA programu haiamuru ukubwa wa bafa. Inaomba, na kazi inayotumika kuomba hata jina lake limekiri hivyo: snd_pcm_hw_params_set_buffer_time_near. Unataja muda unaoutaka, nawe unapewa ulio karibu nao kadiri draiva inavyoruhusu. Kama kikomo cha draiva ni kidogo, unapata kile kidogo na ombi linahesabiwa kuwa limefaulu. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu husoma jibu. Programu nyingine hazisomi. Fundi alilithibitisha kwa aplay, programu ndogo ya kuchezea sauti inayokuja na ALSA. Ikiachwa bila maelekezo, aplay huomba bafa isiyozidi nusu sekunde, na ukiipa alama ya -v inakuonyesha ilichopata. Kwa sauti ya 48,000 iliandika buffer_size : 16384. Hizo ni fremu. Ni theluthi ileile ya sekunde, na programu nyingine kabisa. Kikomo kilikuwa chini, kwenye draiva.

Ndani ya saraka ileile ya sub0 kuna faili liitwalo prealloc. Alipolisoma lilikuwa na tarakimu mbili tu: 64. Ni kilobaiti za memori ambazo draiva huzitenga mapema, kompyuta inapowaka, ili memori ya sauti isije ikakosekana baadaye. Jambo lisilotangazwa sana ni kwamba memori hiyo ikishatengwa inakuwa ndiyo dari. Hakuna programu itakayopewa bafa inayoizidi, hata kama kompyuta ina gigabaiti nne zimelala bure.

Kwa nini 64? Namba hiyo ina ukoo mrefu kwenye kompyuta za aina ya PC. Chipu ya Intel 8237 iliyohamisha data kwenye IBM PC ya mwaka 1981 ilihesabu kwa biti 16, hivyo haikuweza kuhamisha zaidi ya kilobaiti 64 kwa mkupuo wala kuvuka mpaka wa kilobaiti 64 kwenye memori. Kadi za kwanza za Sound Blaster, zilizokuja baadaye, ziliishi ndani ya boma hilo. Lakini mfumo wa Intel High Definition Audio, uliotolewa mwaka 2004 na ambao ndio uliokuwa kwenye kompyuta ya redio, haufungwi hivyo: bafa yake inaweza kuunganishwa kutoka vipande hadi 256 vilivyo sehemu mbalimbali za memori. Maelezo ya mipangilio ya keneli yenyewe yanasema waziwazi kwamba 64 imewekwa kwa ajili ya kupatana na mambo ya zamani tu, na kwamba anayetumia PulseAudio afadhali aweke kubwa zaidi, mfano 2048. Kikomo kilichokuwa kikimeza jina la duka hakikuwa cha chuma. Kilikuwa namba kwenye mpangilio.

Namba kwenye mpangilio hubadilishwa, ila si kirahisi kama inavyosimuliwa. Fundi alisubiri matangazo yafungwe usiku. Anayeandika sudo echo 2048 na kuelekeza matokeo kwenye prealloc atakataliwa, maana faili hufunguliwa na shell ya mtumiaji wa kawaida, si na sudo. Inabidi kupitishia kwenye tee. Alipopitishia kwenye tee, keneli ikajibu Device or resource busy. Dari haibadilishwi wakati kuna mtu anaitumia kadi, jambo la haki kabisa. Lakini studio ilikuwa kimya, programu ya matangazo imefungwa. Nani aliyekuwa akiitumia?

Amri ya fuser -v /dev/snd/* ilitoa jina: PulseAudio. Mara tu programu ya matangazo ilipoiachia kadi, PulseAudio iliidaka kwa niaba ya kivinjari ambacho mmoja wa vijana alikiacha kikionyesha video za mpira, sauti ikiwa imezimwa. Sauti kuzimwa kwenye ukurasa hakumaanishi kadi imeachwa. Ukimya nao hupelekwa kwenye bafa, fremu kwa fremu. Fundi akaiua PulseAudio. Ikafufuka. Ndivyo ilivyoundwa, kujiwasha upya programu yoyote inapoihitaji, hadi autospawn izimwe kwenye faili la client.conf. Baada ya kuizima, namba 2048 iliingia bila neno, na cat ikarudisha 2048.

Kilobaiti 2,048 ni karibu sekunde kumi na moja za sauti ya 48,000 yenye biti 16, na sekunde mbili na robo tatu kwa tangazo lile katika umbo lake la awali. Alilirudisha tangazo la WAV makusudi, akachomeka flashi, akaanza kunakili mafaili mazito. Diski ikalia, taa yake ikawaka bila kupepesa. Faili la hw_params lilionyesha fremu 96,000, yaani ile sekunde nzima iliyokuwa ikiombwa siku zote. Tangazo likapita lote, na jina la duka likiwemo. Akaiandika amri kwenye hati inayoendeshwa kompyuta inapowaka, kabla ya programu yoyote ya sauti, kwa kuwa mabadiliko ya /proc hupotea mashine ikizimwa, na kwa umeme wa mtaa ule mashine ilizimwa mara nyingi.

Hadithi ingeishia hapo kama redio ingekuwa ya kurusha mafaili tu. Habari za bafa kubwa zilienea ofisini kuliko ilivyotakiwa, na baada ya muda mmoja wa wasaidizi akaipeleka dawa hiyohiyo kwenye kompyuta ya kipindi cha simu, ambako sauti ya mtangazaji iliingia kwenye kompyuta kupitia kifaa cha USB na kumrudia masikioni. Mtangazaji wa mchana alidumu hewani kwa sentensi kadhaa, kisha akaanza kuvuta maneno, akakwama, akavua hedifoni. "Kaka, nasikia mzimu wangu unanifuata nyuma."

Alikuwa akisikia sauti yake ikiwa imechelewa. Mwaka 1950 mtafiti Bernard Lee wa Marekani aliandika kuhusu jambo hilo: mtu akirudishiwa sauti yake ikiwa imechelewa sehemu ndogo ya sekunde, huanza kugugumiza hata kama hajawahi kuwa na kigugumizi. Ucheleweshaji wa karibu milisekunde 200 ndio unaosumbua zaidi. Bafa inayomlinda mchezaji wa mafaili humtesa anayesema. Kwenye mashine ile fundi aliweka JACK, mfumo wa sauti ulioanzishwa na Paul Davis, kwa bafa ya vipande vitatu vya fremu 256 kila kimoja. Vitatu, si viwili, kwa sababu vifaa vya USB hupeleka sauti kwa mapigo yao wenyewe na viwili huvibana. Jumla yake ni milisekunde 16. Kwa kuwa bafa ndogo hivyo haisamehe kuchelewa, aliiongezea haki ya kupewa prosesa mbele ya wengine, kwa mistari ya rtprio na memlock kwenye /etc/security/limits.conf. Na bado, kwa hukumu yake, dawa bora ya hedifoni ilikuwa mikisa: sauti ya maiki imrudie mtangazaji kutoka kwenye mikisa moja kwa moja, isipite kwenye kompyuta kabisa.

Wahandisi wa mifumo mingine ya sauti ya ukoo wa Unix wamelijibu swali hilohilo la ukubwa wa bafa kwa namna zao. Kwenye OSS, ambayo FreeBSD inaendelea kuitumia kama lugha ya kuzungumza na kadi, programu huomba vipande kwa amri ya SNDCTL_DSP_SETFRAGMENT, na ukubwa wa kipande lazima uwe kipeo cha mbili. Anayetaka baiti 5,000 atachagua kati ya 4,096 na 8,192. PulseAudio ya Lennart Poettering, tangu mwaka 2008, huomba bafa ya sekunde mbili na kuamka kwa saa yake yenyewe badala ya kungoja kadi iiamshe, mbinu nzuri ambayo haina faida kubwa panapokuwa na dari ya kilobaiti 64. PipeWire ya Wim Taymans, iliyoingia Fedora 34 mwaka 2021 kama mfumo wa sauti wa kawaida, inajaribu kuwahudumia mchezaji wa mafaili na msemaji kwa pamoja, kwa kubadilisha ukubwa wa mkupuo kulingana na anayeomba. Fundi anaitumia sasa na anaipenda, ingawa bado hufungua hw_params kwa mazoea.

Msomaji ambaye spika zake zinakwaruza kwenye Linux afanye hivyo pia, kabla ya kumwita muuzaji wa kadi. Cheza faili linalosumbua, soma hw_params, gawanya buffer_size kwa rate, na jibu ni sekunde ulizonazo kweli. Kisha soma prealloc. Kwenye keneli za siku hizi za mashine za x86 thamani ya kawaida ni sifuri, kwa maana memori haitengwi tena mapema bali hukusanywa vipande vipande inapohitajika, na dari ile ya zamani haipo. Anayekuta 64 ana keneli ya zamani au bodi ya aina nyingine, na huyo hahitaji kununua chochote.